Aliyekula Chakula cha Mtemi

Niulizeni mimi ladha ya utemi.
Ni mlenda uliopoa,
ugali wa uwele mgumu kama kisigino,
na ini la ng'ombe, ambalo mwanamke haonji.

Nilikuwa mke wa saba. Nilifika na shanga za mama
na mtungi mmoja wenye ufa.
Kazi yangu kufagia uani
na kugeuza mtama juu ya paa la tembe
njiwa hawajaamka.
Mtemi sikuwahi kumwona vizuri usoni.
Nilimjua kwa kikohozi.

Kilikoma usiku mmoja wa kipupwe.
Mwaja, mke mkubwa, alituamsha kwa kutuziba midomo,
mmoja mmoja.
"Atakayelia," alisema, "atalia peke yake duniani."
Mrithi alikuwa mbali na mifugo, kwenye majani ya Bahi,
na kigoda kikijulikana ki wazi
wajomba na mabinamu wangekitia shoka.

Usiku wa pili tulimzika zizini,
sisi wanawake, kwa majembe tuliyoyafunga matambara.
Tukarudisha samadi, tukaswaga ng'ombe wapite juu,
warudi, wapite tena,
mpaka ardhi ikasahau.
Asubuhi tukasaga kama kawaida.
Jiwe halimuulizi mtu anamsagia nani.

Chakula kikaingia. Sharti kitoke kimeliwa:
wazee wa baraza walichungulia mabakuli
kama wachunguliavyo mawingu.
Mwaja akanitazama.
"Wewe bado una njaa ya nyumbani kwenu."
Nikaingia chumba cha ndani, nyuma ya ngozi,
giza, masizi, harufu ya tumbaku yake,
nikala.

Kukohoa alikohoa Mwaja.
Miaka thelathini alilala kando ya kikohozi kile,
alizijua kona zake zote.
Watu wakipiga makofi mlangoni, "Mbukwenyi!"
anakohoa mara mbili, anatoka, anasema,
"Mtemi amesikia."

Siku ya tano wakaja Masinga na Nhonya
wakigombea kisima cha korongoni:
ng'ombe wa nani wanywe kwanza?
Mwaja akaja akaketi nami gizani,
akachukua kipande cha ini bakulini
akakitafuna polepole.
"Mchanga ule," akaninong'oneza, "alfajiri anauchimba nani?"
"Wake zao."
Akapangusa midomo, akatoka.
"Mtemi anasema: mitungi kwanza.
Ng'ombe baadaye, wote, wa Masinga na wa Nhonya."
Wazee wakaguna kwa kukubali.
Ugonjwa, walisema, umemwongezea hekima.

Nilikaribia kucheka. Nikameza
pamoja na tonge.

Siku ya tisa, vumbi upande wa Bahi.
Ndipo ngoma zikashushwa kutoka darini,
ndipo tukazibana mapajani
tukapiga kilio cha siku tisa kwa jioni moja,
viganja vikavimba, Mwaja akipiga kuliko sote,
uso mkavu kama kibuyu.
Mrithi akapakwa mafuta, akakalishwa.
Wazee wakamsimulia jinsi baba yake alivyokufa jana,
ameshiba.

Mwaja hakutajwa. Hata yeye hakujitaja.
Alirudi kwenye jiwe lake
akalalamika kwamba uwele wa mwaka ule una mchanga.

Leo nimebakiwa na meno matatu.
Kule korongoni bado wanasema mitungi kwanza,
na wanasema ni neno la mtemi.
Silitengui.
Ila mjukuu wangu akipita na bakuli la ini
akaniambia, "Bibi, hili ni la wanaume,"
namnyang'anya.
Nala lote, nalamba ukingo,
namrudishia bakuli tupu,
kisha nakohoa mara mbili.